Mtoto Aliyeona Nyayo

 

Nina kisa cha Rukanga nitakachoanza nacho, na naomba mnistahimilie nikisimulie pole pole, kwani maneno yangu yote ya leo yamesimama juu yake. Rukanga ni kimojawapo cha vijiji vilivyouzunguka mlima Kasigau, pamoja na Jora, Kiteghe, Bungule na Makwasinyi. Na mtu atokaye Voi kwenda huko huifuata barabara kuu ya Mombasa hata Maungu, kisha huiacha lami na kuingia nyika, baina ya migunga na mibuyu, mpaka mlima umjie mbele ukiwa umejifunga kilemba cha mawingu. Nyika hiyo iko kati ya mbuga mbili, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu huivuka kutoka upande mmoja hata wa pili, kama walivyokuwa wakiivuka kabla ya mtu yeyote kuweka mpaka.

Asubuhi moja nilikuwa mgeni wa mama mmoja huko, msusi wa vikapu vya mkonge, naye ameketi barazani na kikapu mapajani, nyuzi nyekundu na nyeusi zikimpita vidoleni pasipo yeye kuzitazama, mara mwanawe wa kiume, ambaye haijatimia nusu saa tangu atoke kwenda shule, akarudi mbio na mkoba ukimpigapiga mgongoni. "Mama, kuna nyayo za ndovu korongoni, mbichi." Mama akakiweka kikapu chini. Hakupiga kelele, wala hakumwuliza mtoto alikwenda kutafuta nini korongoni ilhali njia ya shule ni ile ya juu, alimwuliza mambo matatu tu, tena kwa sauti ya mtu amwulizaye mwenziwe: "Umeziona wapi hasa? Ni za wangapi? Zimeelekea wapi?" Mtoto akajibu kwamba ameziona chini ya mbuyu uliopasuka, kwamba ni za wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, na kwamba zimeelekea upande wa mashamba. Aliposikia kwamba yumo mdogo, mama akasimama, maana ndovu mwenye mtoto hana subira na mtu. Akaitwaa simu yake iliyokuwa dirishani ikipata moto wa sola, akawapigia majirani watatu, na kabla jua halijapanda sana watoto wote wa upande ule walikuwa wakipelekwa shule kwa njia ya juu, wanaume wawili wametangulia. Yule mvulana alipewa kipande cha muhogo wa kuchemsha na kuambiwa, "Umefanya vyema, mwanangu."

Nilikaa nikawaza. Mtoto yule alikuwa amekosa, kwa kuwa alipita njia aliyokatazwa. Lakini mama yake alitambua kwamba habari ya nyayo ina thamani kubwa kuliko kosa la njia, na kwamba akimpiga leo kwa sababu ya njia, kesho mtoto ataziona nyayo na kunyamaza. Hakufundishwa hayo na mtu wa semina. Ni elimu ya watu walioishi na ndovu vizazi kwa vizazi, wakajua kwamba jicho la mtoto hufika mahali ambapo la mzazi halifiki.

Sasa naitazama ile simu ya dirishani. Lau mtoto yule angalirudi mbio akasema, "Mama, kuna mtu nisiyemjua ameniandikia maneno mabaya katika simu yako," je, sisi wazazi tungaliuliza yale matatu? Nasikitika kusema kwamba jawabu ninalijua, tena silijui kwa kusikia. Miaka kadhaa nyuma, nilipokuwa ningali mwalimu, katika shule ambayo haifai kuitaja, nilimkuta msichana wa darasa langu ameificha simu chini ya dawati, macho yamemwiva. Niliipokonya mbele ya wenzake wote, nikamkemea kwa maneno ambayo hata leo yakinirudia usiku huniondolea usingizi, nikaifungia katika kabati mpaka mwisho wa muhula. Baadaye sana, kwa kinywa cha shangazi yake, ndipo nilipopata habari kwamba mtoto yule alikuwa akitishwa na mtu mzima aliyemtumia picha na kumtaka naye atume zake, na kwamba siku ile alikuwa ameileta simu shuleni kwa kuwa ameazimia kunionyesha. Shangazi alipomwuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo, alijibu, "Ningemwambia mama, ningepigwa, na mwalimu mlimwona."

Hilo ndilo linalonileta mbele yenu. Mwovu wa mtandaoni hana nguvu ya kuingia nyumbani mwetu na kumshika mtoto mkono. Nguvu yake yote ni siri, na si yeye peke yake ailindaye siri hiyo. Twamlindia sisi, kwa kiboko chetu, kwa ukali wetu, na kwa desturi yetu ya kumfanya mleta habari kuwa ndiye mkosaji.

Nawaomba tutazame jinsi afanyavyo kazi yake, kwani aghalabu mzazi hudhani kwamba mtu wa namna hiyo huanza kwa uchafu, na kwamba mtoto aliyelelewa vema atamkimbia papo hapo. Sivyo. Huanza kwa murua. Atamwandikia mtoto kwamba amependezwa na picha yake ya mashindano ya michezo, au kwamba yeye naye ni mwanafunzi wa shule fulani ya Voi au Mwatate, naye ana taabu na hesabu kama yeye. Ataikumbuka siku ya mtihani wake, siku ambayo pengine nyumbani hakuna aliyeikumbuka. Atamtumia bando la shilingi ishirini, na mtoto ambaye hajawahi kupewa kitu na mtu kwa ajili ya nafsi yake tu ataiona shilingi ishirini hiyo kuwa hidaya kubwa. Kisha atamwomba watoke katika kikundi walimokutana wazungumze peke yao, na jambo la kwanza atakalomtaka baada ya hapo ni dogo mno: ayafute mazungumzo kabla ya kuirudisha simu kwa mama. Hapo, wasikilizaji, ndipo mlango unapofungwa. Lile la picha huja baadaye, na likishakuja lugha hubadilika kwa usiku mmoja. Yule rafiki mwenye murua huwa mdai, na maneno yake ni yale yale kila mahali duniani: tuma nyingine, au tuma pesa, la sivyo hii nitampelekea mama yako na mwalimu wako. Angalieni anavyotisha. Hamtishi mtoto kwa kisu. Amtisha kwa sisi.

Tena asidhani mzazi wa watoto wa kiume kwamba yeye yuko salama. Wavulana hunaswa kwa picha ya msichana asiyekuwako, na wakishatuma zao hudaiwa fedha, nao hufa na jambo lao moyoni kuliko wasichana, kwa kuwa tumewafundisha kwamba mwanamume halii. Wengine huingia kwa mlango wa michezo na wa kamari, mtoto akicheza kwa laini ya baba yake iliyofungamana na M-Pesa, na siku fedha ya karo inapokosekana hushukiwa bodaboda aliyetumwa dukani.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Nairobi. Mwaka 2021 ulitolewa uchunguzi uliofanywa hapa Kenya na shirika la ECPAT, pamoja na polisi wa kimataifa wa INTERPOL na shirika la watoto la UNICEF, uitwao Disrupting Harm, nao ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wenye umri wa miaka 12 hadi 17, 67 hutumia intaneti. Mambo mawili katika uchunguzi ule yalinishika zaidi ya hesabu hiyo. La kwanza, kwamba wanaowadhuru watoto kwa njia ya simu mara nyingi si wageni wa mbali, bali ni watu ambao mtoto alikuwa anawajua tangu kabla. La pili, kwamba watoto waliopatwa, wengi wao ama hawakumwambia mtu, ama walimwambia rafiki wa rika lao. Waliokwenda polisi au waliopiga simu ya msaada walikuwa wachache sana. Basi yule anayetishwa na mtu wa mtaa wa pili, na asiye na wa kumwambia, yumkini hakai Nairobi. Yumkini anateka maji kisima kimoja nasi.

Ni vema pia tukumbuke jinsi simu ilivyoingia mikononi mwa watoto wetu, maana twazungumza kana kwamba waliiba. Sisi ndio tuliowapa, tena kwa sababu za haki. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya korona, na hazikufunguliwa kwa madarasa yote ila Januari 2021, masomo yaliwafuata watoto nyumbani kwa redio na kwa simu. Mtaala mpya nao ukaja na kazi zake, mzazi akatakiwa kutafuta picha ya mnyama au kumpiga picha mtoto akifagia uwanja na kuituma kwa mwalimu wa darasa. Serikali yenyewe ilikwisha kuanza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi tangu mwaka 2016. Mama wa Rukanga hupiga picha kikapu chake na kukitafutia mnunuzi kwa simu hiyo hiyo, na aliye na mtoto Mombasa hupokea ya matumizi kwa simu hiyo hiyo. Kwa hiyo shauri la kuivunja simu, ambalo nimelisikia likitolewa kwa ghadhabu katika mikutano ya wazazi, ni shauri la mtu anayetaka kuziba kisima kwa kuwa mtoto amekaribia kutumbukia.

Australia wamechukua njia ya amri: sheria yao, iliyoanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, inayataka makampuni ya mitandao ya kijamii yasiwe na akaunti za watoto walio chini ya miaka 16. Makampuni mengi yenyewe, pasipo kulazimishwa na Australia, husema hayamtaki mtoto chini ya miaka 13. Mimi siidharau amri kama hiyo, na ningependa kuona jinsi itakavyowafaa wenyewe. Lakini itazameni simu ya dirishani. Laini imeandikishwa kwa kitambulisho cha mama. WhatsApp ni ya mama, jina ni la mama, picha ni ya mama akiwa kanisani. Mtoto akiishika, kampuni iliyoko ng'ambo yamwona mwanamke wa miaka arubaini, na humletea yale imleteayo mwanamke wa miaka arubaini. Hakuna kizuizi cha umri kitakachomjua. Atakayejua kwamba mwenye kushika simu wakati huu ni mtoto ni mtu mmoja tu, naye ni yule aliyempa.

Kwa simu aliyopewa mtoto iwe yake, yako mambo ya ufundi yafaayo, nami nitayataja kwa mkato kwa kuwa kijana yeyote wa duka la simu pale Voi aweza kukuonyesha kwa robo saa. Iko programu ya Google iitwayo Family Link, ambayo humwezesha mzazi kutoka simu yake kuona programu anazozitumia mtoto, kuruhusu au kukataza mpya, na kuweka saa ya kufunga. Iko YouTube Kids kwa wadogo. Ndani ya WhatsApp kuna mahali pa kuchagua ni nani awezaye kumwingiza mtoto katika vikundi na nani aionaye picha yake. Yafanyeni hayo, ni sawa na boma la miiba. Lakini wenyeji wa Kasigau wajua, na mimi sina haja ya kuwafundisha, kwamba boma humchelewesha ndovu, halimzuii.

Nageukia walimu wenzangu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sisi hatuzungumzwi sana. Twapenda kuwaonya wazazi, nasi wenyewe twaifungua milango. Mwalimu hupiga picha darasa zima siku ya michezo, watoto na majina yao kifuani, jina la shule limeandikwa ukutani nyuma yao, akaitia katika ukurasa wa shule ili wafadhili na wazazi waone. Ametenda kwa fahari na nia njema. Lakini fikirini amempa nini yule mtu wa murua niliyemwelezea: jina, sura, shule, kimo, na jambo la kuanzia mazungumzo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haikulinyamazia hilo. Habari za mtoto, na picha yake ni habari zake, hazitumiwi ila kwa idhini ya mzazi au mlezi. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto pasipo idhini hiyo. Hesabuni ni karo ya watoto wangapi.

Na vile vikundi vya WhatsApp vya madarasa! Nimeona kikundi cha Gredi ya sita chenye nambari zaidi ya mia, watoto wenyewe wasiozidi arubaini. Mjomba yumo, aliyekuwa dereva wa basi la shule yumo, na mmoja hakuna amjuaye. Kila nambari iliyomo yaweza kuiona nambari ya kila mmoja, na ikiwa simu ya nyumbani ndiyo aishikayo mtoto jioni, basi kila aliyemo anao mlango wa kumfikia mtoto. Mwalimu mwenye hadhari hukihesabu kikundi chake mwanzo wa kila muhula kama ahesabuvyo watoto wakirudi kutoka matembezini. Asiyejulikana hutolewa, na mwalimu mwenyewe hamwandikii mtoto peke yake usiku, hata kwa jambo la hesabu, kwa kuwa mtoto akizoea kwamba mtu mzima mwema huandika saa nne za usiku, hatakuwa na kipimo cha kumjua mwovu aandikapo saa hizo.

Sheria zipo, wala si chache. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imetaja waziwazi kwamba ni kosa mtu kumrubuni mtoto kwa njia ya mtandao ili akutane naye kwa uasherati, au kumpelekea picha chafu. Na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 imeharamisha kutengeneza, kuwa nazo na kueneza picha chafu za watoto. Neno hilo la kueneza nataka lisikike vizuri, kwani watu wema huanguka hapo. Picha ya mtoto wa kijiji ikivuja, utaona mzazi mmoja anaituma katika kikundi cha kanisa, na maneno chini yake, "Tuombeane, tazameni watoto wetu walivyoharibika." Mtu huyo amemdhuru mtoto mara ya pili, tena mbele ya watu wanaomjua, na mbele ya sheria hana tofauti kubwa na wa kwanza. Ikikufikia picha kama hiyo usiipeleke kwa mtu, hata kwa mume wako. Wapashe habari polisi, nao watakuambia la kufanya nayo.

Sasa tuseme mtoto amekuja, naye amesema. Jambo gumu kuliko yote hutendeka katika dakika ya kwanza, na ni kunyamaza. Damu itachemka, na maneno ya "sikukuambia?" yatasimama ulimini. Yameze. Mshukuru kwa kuleta habari, kama alivyoshukuriwa yule mvulana wa korongoni, kisha uliza yale matatu, yakigeuzwa kidogo tu: ni nani na alikupata wapi, ni tangu lini na amekwisha kupata nini, na sasa anataka nini. Usiifute simu. Kinachokuchukiza machoni ndicho ithibati ya mashtaka. Maneno na vitisho vyake vipigeni picha ya skrini, nambari yake na jina la akaunti yake viandikeni katika daftari, kisha mzuieni asiweze kuandika tena. Msimlipe, hata kama anachodai ni shilingi mia mbili, kwa kuwa aliyelipwa mara moja amejua kwamba kisima kina maji.

Simu ya msaada wa watoto ni 116. Hailipiwi, yapokelewa mchana na usiku, na mtoto mwenyewe aweza kuipiga pasipo ruhusa ya mtu. Ningependa kila mwalimu anisikiaye aiandike tarakimu hizo tatu mlangoni pa darasa, na si katika ofisi ya mwalimu mkuu ambako mtoto haingii ila akiwa na kosa. Mlango wa pili ni afisa wa watoto katika kaunti ndogo yenu, na wa tatu ni kituo cha polisi. Nao polisi wa upelelezi wanacho kitengo maalumu cha kuwalinda watoto, chenye ofisi Nairobi na Mombasa, ambacho ndicho chenye ujuzi wa kumfuatia mtu wa mtandaoni hata alipo. Mzazi asikubali kesi ya mtoto imalizwe chini ya mwembe kwa mbuzi wawili na maneno ya upatanisho, kwa sababu mtu yule atalipa mbuzi na kutafuta mtoto mwingine.

Na picha ambayo imekwisha toka? Hapa nina habari njema kidogo. Kituo cha Marekani kishughulikiacho watoto waliopotea na waliodhulumiwa kilitangaza mwaka 2023 huduma isiyolipiwa iitwayo Take It Down, kwa ajili ya picha za utupu za mtu aliyepigwa akiwa hajatimiza miaka 18. Picha yenyewe haiondoki katika simu ya mtoto wala haionwi na mtu. Kompyuta huitengenezea alama ya tarakimu, mithili ya alama ya kidole gumba katika kitambulisho, na alama hiyo ndiyo ipelekwayo kwa makampuni yaliyokubali kushiriki, ili wakikutana na picha yenye alama ile katika mitandao yao waiondoe. Haifiki kila mahali duniani, lakini mtoto anayedhani kwamba maisha yake yamekwisha anapata neno la kushika usiku ule, na nimeona neno moja likimvusha mtu usiku.

Limebaki swali la jinsi mtoto atakavyozoea kusema. Wazee wa Kasigau walihamishwa mwaka 1915 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakidhaniwa kuwa wamewasaidia Wajerumani, wakapelekwa Malindi, na wengi wakafia huko kwa maradhi. Historia hiyo niliisikia mara ya kwanza nikiwa kijana mdogo, si kwa kusoma, bali kwa kuketi jikoni usiku karibu na nyanya wa rafiki yangu, aliyekuwa akisimulia huku akichambua kunde, akinyamaza mahali pa kunyamaza. Naileta hapa kwa sababu moja. Mtoto aliyezoea kuketi karibu na mtu mzima asemaye polepole, naye mtoto ana kazi ya mikono, husema mwenyewe yaliyo moyoni pasipo kuulizwa. Haya ya simu hayatoki katika kikao cha kumhoji mtoto akisimamishwa mbele ya baba. Hutoka kwenye kunde.

Siku ya mwisho ya ziara yangu nilizungumza na wazazi wa Rukanga chini ya mti, karibu kama nilivyozungumza nanyi, na mama mwenyeji wangu alikuwako, akisuka, macho chini, nami nikadhani hakunisikia. Usiku, baada ya chakula, taa ya sola imewekwa juu ya meza, bintiye mkubwa, wa Gredi ya nane, alikuwa pembeni na simu akiandika kazi ya shule, na mara uso wake ukabadilika, akakigeuza kioo cha simu kikaangalia meza. Mama alimwona. Nilingojea sauti yake ipande. Akavuta kigoda, akaketi ubavuni mwa mtoto, akakiweka kikapu chini.

"Umeona nini, mwanangu?"

Msichana alinitazama mimi, kisha akamtazama mama yake, akakaa hivyo kitambo. Nikainuka nikatoka uani, ili niwaache. Nje mlima ulikuwa mweusi na nyota zimeukaribia, na nikiwa nimesimama pale niliisikia sauti ya mama, ndogo, ile ile ya asubuhi ya ndovu, ikiuliza, "Tangu lini?", na sauti ya mtoto ikaanza kujibu.